Pembe, Karafuu na Pamba: Ngao ya Taifa la Tanzania Ikisomwa kutoka Kilosa na Mikumi

Katika mji wa Kilosa, kama ilivyo katika makao ya wilaya yoyote nchini Tanzania, Ngao ya Taifa huonekana mahakamani, kwenye barua za serikali, kwenye vyeti vya kuzaliwa na kwenye noti anazopokea mchuuzi wa ndizi stesheni. Huonekana mara nyingi mno kiasi kwamba watu wachache huitazama kwa makini. Watafiti nao wameipa nafasi ndogo. Vitabu vya uraia hutaja sehemu zake na maana rasmi ya kila sehemu, kisha hupita kwenye Bendera na Wimbo wa Taifa. Swali la kihistoria, yaani vitu hivyo vilitoka wapi kabla ya kuingia katika Ngao na vilikuwa vya nani, huachwa bila kuulizwa.

Insha hii inaliuliza swali hilo kwa kutumia eneo moja, Kilosa na jirani yake Mikumi, katika Mkoa wa Morogoro. Eneo hili limechaguliwa kwa sababu bidhaa zilizochorwa katika Ngao zilipita hapa, zililimwa hapa au ziliwindwa hapa, na kwa sababu bendera za tawala tatu zilishindania ardhi yake katika kipindi kisichozidi miaka arobaini. Hoja inayojengwa ni kwamba Ngao ya Taifa haikujitenga na alama na mali za dola ya Kiarabu ya Zanzibar kwa kiasi kinachodhaniwa. Ukiondoa watu wenyewe, vitu viwili vinavyoonekana kwa urahisi zaidi ndani yake, pembe za ndovu na karafuu, vilikuwa nguzo za uchumi wa masultani wa nasaba ya Busaidi. Kilichobadilika ni mikono inayovishika. Aidha, vipo vitu ambavyo Ngao ilivinyamazia, na ukimya huo unasikika Kilosa kuliko mahali pengi.

Ni vema kuanza na umbo lenyewe. Ngao imegawanyika katika sehemu nne kutoka juu kwenda chini. Sehemu ya juu ni ya rangi ya dhahabu, nayo imebeba Mwenge wa Uhuru. Dhahabu hiyo husomwa kuwa ni madini ya nchi. Inafuata Bendera ya Taifa. Chini ya Bendera ni uwanja mwekundu, unaoashiria udongo wenye rutuba, ambamo jembe na shoka vimepishana. Sehemu ya mwisho ni mawimbi ya buluu na meupe, yaani bahari, maziwa na pwani. Mkuki umesimama wima katikati. Mwanamume na mwanamke wamesimama pande mbili juu ya Mlima Kilimanjaro, kila mmoja akiwa na pembe ya ndovu iliyopinda kando ya ngao. Miguuni pa mwanamume pana karafuu na miguuni pa mwanamke pana pamba. Utepe wa chini una maneno "Uhuru na Umoja".

Jina nalo lina historia yake. Istilahi ya Kiingereza inayotumika kwa alama ya namna hii inatokana na vazi ambalo mashujaa wa Ulaya wa zama za kati walilivaa juu ya deraya, likiwa limetiwa alama ya ukoo. Kiswahili hakikufasiri vazi hilo. Kilichukua kifaa kinachotambulika na kila jamii ya nchi hii, ngao, na umbo lililochorwa ni la ngao ya mpiganaji wa Kiafrika, tofauti na ile ya pembe tatu iliyozoeleka katika falme za Ulaya. Pamoja na hayo, lugha ya ofisi haijatulia: mahali pengine huandikwa "Ngao ya Taifa", mahali pengine "Nembo ya Taifa", na Sheria ya Nembo za Taifa ya mwaka 1971 inaiweka pamoja na alama nyingine za dola zinazolindwa dhidi ya matumizi yasiyo na kibali. Lugha ya mtaani imepita njia fupi zaidi na kuiita "Bibi na Bwana". Jina hilo la mtaani lina usahihi ambao lugha ya sheria haina, kwa kuwa linataja kile ambacho ni kipya kabisa katika alama hii ukilinganisha na zote zilizotawala Usagara kabla yake: kuwamo kwa watu.

Usagara ndilo jina la kale la sehemu kubwa ya nchi inayozunguka Kilosa. Wasagara na Wakaguru waliishi milimani na kwenye mabonde, Wavidunda upande wa kusini kuelekea Mikumi, na katikati ulikuwapo uwanda wa Mkata, wenye nyasi, matope ya masika na wanyama wengi. Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilikatiza nchi hii. Richard Burton aliyepita Usagara mwaka 1857 alieleza jinsi kirangozi alivyotangulia mbele ya wapagazi akiwa ameshika bendera nyekundu ya Zanzibar. Bendera hiyo haikuwa na picha wala maandishi. Ilikuwa kitambaa chekundu kitupu, kile kile kilichopepea Maskati, na ilimtambulisha mwenye msafara kuwa yu chini ya himaya ya Sultani.

Nguvu ya kitambaa hicho ilitokana na mzigo uliokifuata. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, kipimo cha karibu kilo 16, na mpagazi aliweza kubeba frasila mbili kwa mwendo wa miezi. Kwa hiyo pembe na bendera nyekundu vilitembea pamoja. Mkazi wa Usagara aliyekaa kando ya njia aliviona kama jambo moja, na pamoja navyo aliona jambo la tatu, watu waliofungwa minyororo. Aliuza chakula kwa misafara, alitoza hongo pale alipoweza, na palipokuwa na upungufu wa nguvu alikimbilia milimani. Ni kosa kuisimulia njia hii kama historia ya mateso matupu, kwa maana Wanyamwezi wengi walifanya upagazi kwa hiari na kwa fahari. Hata hivyo, hakuna namna ya kuieleza pembe iliyopita Usagara bila kutaja kwamba aliyeibeba hakuwa mwenye mali.

Je, bendera nyekundu ilikuwa utawala? Swali hili, ambalo kwa wakazi huenda halikuwa na uzito mkubwa, liligeuka kuwa suala la dola katika miaka ya 1880. Sultani Barghash bin Said alianza kutia mkono wake bara kwa njia inayoonekana zaidi: mwanzoni mwa muongo huo kikosi chake kilichoongozwa na Mwingereza Lloyd Mathews kiliweka kituo Mamboya, katika Ukaguru. Wakati huo huo Wafaransa walikuwa na kituo Kondoa ya Usagara, karibu na Kilosa ya leo, na wamisionari wa Kianglikana walikwisha kujenga Mamboya. Ndipo Novemba 1884 Carl Peters na wenzake walipofika wakiwa na hati zilizoandikwa tayari. Tarehe 29 Novemba 1884, Msowero, Chifu Mangungo alitia alama kwenye mkataba uliotaja urafiki wa milele na kukabidhi nchi yake. Kumbukumbu ya tukio hilo bado iko hai kiasi kwamba katika mijadala ya umma Tanzania, mkataba wowote unaodhaniwa kuwa wa hasara huitwa mkataba wa Mangungo.

Jambo linalosahaulika katika simulizi la Mangungo ni kwamba hati za Peters zililenga kumpinga Sultani kama zilivyolenga kupata ardhi. Katika hati nyingine ya mwezi huo huo, Salim bin Hamid, aliyetajwa kuwa mwakilishi wa Sultani huko Nguru, ametamkishwa kwamba Sultani hana mamlaka Nguru wala Usagara. Kinywa cha Mwarabu kilihitajika ili kuifuta bendera ya Mwarabu. Baada ya kila hati bendera ya Kijerumani ilipandishwa na bunduki zikalia. Machifu waliokuwa wameona vitambaa vingi vikipita njiani bila kudumu hawakuwa na sababu ya kudhani kwamba hiki kitadumu.

Mfalme wa Ujerumani alitoa hati ya ulinzi tarehe 27 Februari 1885. Barghash alipinga Aprili mwaka huo, akidai kwamba nchi hizo zilikuwa zake tangu enzi za baba zake. Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake, naye akakubali. Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 yalimwachia bara ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 tu. Usagara ikawa nje ya ukanda huo kwa mbali. Hoja iliyotumiwa dhidi yake, kwamba bendera na kikosi kidogo havitoshi kuthibitisha utawala, ni hoja ambayo Wajerumani hawakuitumia dhidi ya hati zao wenyewe, zilizosimama juu ya bendera na alama za kalamu.

Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki ilibuni bendera yake: nyeupe yenye msalaba mweusi, na katika kona nyekundu nyota 5 nyeupe za Msalaba wa Kusini. Agosti 1888, Pangani, Emil von Zelewski, mtumishi wa Kampuni, alipolazimisha bendera hiyo ipepee na kuidharau ile ya Sultani, mji ulichafuka. Vita vilivyofuata, vinavyohusishwa na jina la Abushiri bin Salim, vilienea hadi kituo cha Wajerumani Mpwapwa kikashambuliwa mwaka 1889. Mwanahistoria Jonathon Glassman ameonesha kwamba waliosimama hawakuwa Waarabu peke yao na kwamba umati wa miji ya pwani ulikuwa na madai yake. Kwa mada hii inatosha kutambua kwamba kitambaa chekundu kisicho na picha kilikuwa kimepata maana pana kuliko mwenyewe aliyekimiliki. Sultani alikwisha kukodisha pwani yake, na mwaka 1890 haki zake zikanunuliwa na Ujerumani kwa marki milioni 4, ilhali watu walipigania bendera yake.

Baada ya hapo mtu wa Kilosa aliishi chini ya alama za wageni kwa miaka sabini na moja, na alama hizo zina tabia moja ya kuangaliwa. Mwaka 1914 Wilhelm Solf, waziri wa makoloni wa Ujerumani, alisimamia michoro ya ngao kwa kila koloni. Afrika ya Mashariki ilipewa kichwa cha simba. Vita vilizuka na michoro haikuanza kutumika rasmi. Waingereza walipoitwaa nchi na kuiita Tanganyika, waliweka kichwa cha twiga ndani ya duara jeupe. Serikali mbili zilizochukiana, kila moja ikitafuta picha moja ya nchi nzima, zilifikiria mnyama. Watu hawakuonekana katika alama kama ambavyo hawakuonekana katika ramani za mawindo. Mtu anayesafiri leo kutoka Morogoro kwenda Iringa huwaona twiga wa Mikumi kando ya barabara, na ni rahisi kuelewa jinsi ofisa mgeni alivyovutiwa. Twiga mwenyewe hakufutika, kwani anaendelea kuruka kwenye ndege za shirika la taifa. Ila alitolewa katika ngao.

Uhuru wa Tanganyika tarehe 9 Desemba 1961 ulileta ngao yenye watu. Nani hasa aliichora ni jambo lililozua mabishano. Mei 2017 vyombo vya habari vilimtangaza mzee Francis Maige Kanyasu, maarufu kwa jina la Ngosha, aliyekuwa akiishi katika umaskini Buguruni, Dar es Salaam, akidai kushiriki katika ubunifu huo. Alifariki mwezi huo huo katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Madai mengine yalijitokeza. Kwamba taifa lilishindwa kumtambua bila shaka aliyechora mwanamume na mwanamke wake ni jambo la kusikitisha, nalo linaashiria jinsi kazi ya sanaa ilivyohesabiwa kuwa huduma ya ofisi.

Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 ulilazimisha ngao hiyo iandaliwe upya. Bendera iliyomo ndani yake ni ya Muungano, na karafuu miguuni pa mwanamume isingekuwa na maana katika alama ya Tanganyika peke yake. Hapa ndipo panapohitaji kutazamwa kwa utulivu. Zanzibar ilipopata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 chini ya Sultani Jamshid bin Abdullah, bendera nyekundu ya Busaidi ilipata picha: duara la kijani lenye karafuu mbili za rangi ya dhahabu. Dola iliyotumia kitambaa kitupu kwa vizazi ilijipatia alama ya mmea. Bendera hiyo ilidumu kwa muda wa mwezi mmoja na siku chache. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliiondoa pamoja na kiti cha enzi, lakini karafuu ilirudi katika ngao ya Jamhuri ya Muungano. Sultani aliondoka, mmea alioupandisha kwenye bendera yake ulibaki kuisimamia Zanzibar.

Ulinganisho na Oman unaliweka jambo hili wazi zaidi. Tawi la Maskati la nasaba hiyo hiyo lilibaki na bendera nyekundu tupu hadi Desemba 1970, Sultani Qaboos bin Said alipoiongezea rangi nyeupe na kijani na kuweka nembo ya nasaba yake: jambia lililopachikwa juu ya panga mbili zilizopishana, pamoja na mkanda. Nembo ya Oman ni ya silaha, na silaha hizo ni za heshima ya mwanamume huru na ya nyumba ya mtawala. Mpangilio wa vitu viwili vilivyopishana unapatikana pia katika Ngao ya Tanzania, ila vilivyopishana ni jembe na shoka. Tanzania ina silaha moja, mkuki, na huo hauhusishwi na ukoo wowote. Kwa hiyo matawi mawili ya historia moja yalitoa majibu mawili. Maskati ilichukua kisu cha babu na kukifanya kuwa cha taifa. Kwenye pwani ya Afrika nasaba iliondolewa, na kilichookolewa kutoka kwake ni mali: karafuu iliyolimwa na watumwa Unguja na Pemba, na pembe iliyobebwa na wapagazi kupitia Usagara.

Wafasiri rasmi wa Ngao hawasemi hivyo. Kwao mimea miwili ni ishara ya ushirikiano na pembe ni sehemu ya utajiri wa nchi. Tafsiri hiyo haina kosa, ila imeanza hadithi katikati. Katika karne ya 19 mtu mweusi aliyechorwa akiwa na pembe ya ndovu angekuwa mpagazi, nayo pembe ingekuwa begani. Katika Ngao pembe imesimama wima kando ya mtu aliyesimama wima, na hakuna bendera ya mtu mwingine mbele yake. Iwapo mchoraji alikusudia maana hiyo au hakuikusudia, picha inaibeba, na msomaji wa Kilosa anayo haki ya kuisoma.

Upande wa Mikumi tafsiri hiyo ina mtihani wake. Jina Mikumi linatokana na mikumi, miti ya jamii ya mitende inayoota katika eneo hilo, na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, mwaka ule ule wa Muungano. Ina kilomita za mraba 3,230 na inapakana na lililokuwa Pori la Akiba la Selous. Tembo wa maeneo haya mawili huhesabiwa pamoja. Mwaka 1976 walikadiriwa kuwa takriban 109,000. Ujangili wa miaka ya 1980 uliwapunguza sana. Mwaka 1989 serikali iliendesha Operesheni Uhai, na mwaka huo huo Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza kwenye mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kwamba biashara ya pembe ipigwe marufuku. Nchi yenye pembe mbili katika ngao yake ilisimama mbele ya dunia kusema pembe isiuzwe. Idadi ilipanda tena, kisha ikaanguka: karibu tembo 39,000 mwaka 2009, na takriban 13,000 tu mwaka 2013.

Takwimu hizo zinaibadilisha pembe iliyomo katika Ngao. Mwaka 1961 ilikuwa ukumbusho wa mali iliyorudi kwa wenyewe. Nusu karne baadaye, pembe iliyotenganishwa na mnyama wake ilikuwa ushahidi wa kosa la jinai, na kijana wa kijiji jirani na hifadhi aliyekutwa nayo alisimama kizimbani chini ya ukuta wenye picha yake. Noti ya shilingi 10,000 inaweka mambo haya mawili karibu kuliko inavyokusudia, kwa kuwa ina tembo mzima na Ngao kwenye karatasi moja. Tofauti kati ya ndovu kama mzigo na ndovu kama kiumbe ni tofauti ambayo alama ya mwaka 1961 haikuwa na namna ya kuijua.

Pamba, kwa upande wake, ina historia nzito zaidi kwa Kilosa kuliko karafuu. Utawala wa Wajerumani uliilazimisha, na mashamba ya lazima ya pamba kusini ya Rufiji yalikuwa miongoni mwa sababu za Vita vya Majimaji vilivyoanza mwaka 1905. Mwaka huo pia ulianza ujenzi wa Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam. Ilifika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa, ikafika Kigoma mwaka 1914. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kampuni ya nguo ya Otto kutoka Württemberg ilikuwa na shamba kubwa la pamba Kilosa, ikitafuta malighafi kwa viwanda vyake vya Ujerumani. Wakati wa Waingereza kituo cha utafiti cha Ilonga, kilomita chache kutoka mjini, kilijishughulisha na mmea huo huo. Kilichoibadilisha pamba kuwa mmea wa kustahili kuwekwa miguuni pa mwanamke huru ni wakulima wadogo, hasa wa Kanda ya Ziwa, walioungana katika vyama vya ushirika chini ya viongozi kama Paul Bomani katika miaka ya 1950. Pamba ya Ngao ni pamba ya ushirika. Ile ya Otto haikuchorwa.

Hoja hiyo inathibitishwa na kile kisichokuwamo. Wakati wa uhuru zao lililoongoza kwa kuiingizia Tanganyika fedha lilikuwa mkonge, na uzalishaji wake ulifikia kilele cha tani takriban 230,000 mwaka 1964. Kilosa ilikuwa wilaya ya mkonge. Kimamba, Rudewa na Msowero, ndiyo Msowero ile ya Mangungo, zilizungukwa na mistari ya mimea hiyo, na treni zilishusha hapo manamba kutoka mikoa ya mbali. Kama kigezo cha kuingia katika Ngao kingekuwa thamani ya mauzo ya nje, mkonge ungetangulia. Lakini mkonge ulikuwa zao la mashamba ya wageni na la kazi ya mkataba, na ni vigumu kufikiria mwanamume na mwanamke wa Ngao wakiusimamia kama wao. Ajabu ni kwamba karafuu ilisamehewa asili yake ya utumwa na mkonge haukusamehewa wake wa unamba. Sababu moja yaweza kuwa ya kisiasa: baada ya Mapinduzi serikali ya Zanzibar ilitaifisha ardhi na kuwagawia wananchi eka tatu tatu, na kwa njia hiyo karafuu ilibadili mikono hadharani. Mashamba ya mkonge yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hata hapo yalipita kutoka mikono ya kampuni kwenda mikono ya shirika la umma, bila kumfikia mkulima.

Bei ya mkonge ilipoanguka, mengi ya mashamba ya Kilosa yaliachwa yakawa vichaka. Ardhi hiyo, yenye hati lakini isiyo na mlimaji, imekuwa kiini cha madai ya wanavijiji kwa miaka mingi. Pembeni yake waliongezeka wafugaji, Waparakuyo na Wamaasai waliokuwapo tangu zamani katika wilaya, na wengine waliofuata malisho ya uwanda wa Mkata baada ya sehemu yake kuwa hifadhi. Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, ugomvi wa wakulima na wafugaji uliishia katika shambulio lililoua watu 38. Katika Ngao mkulima anatambulika kwa jembe, mkata miti kwa shoka, mvuvi na baharia kwa mawimbi. Mkuki unaelezwa kuwa ni wa ulinzi wa uhuru wa wote. Ng'ombe hayumo, wala fimbo ya mchungaji, katika nchi ambayo ni miongoni mwa zenye mifugo mingi zaidi barani Afrika.

Hatia ya mauaji ya Rudewa Mbuyuni haiwezi kutupiwa mchoro wa mwaka 1961. Chanzo chake ni ardhi, maji na maamuzi ya ofisi. Hata hivyo mpangilio wa mchoro huo na mpangilio wa maamuzi hayo vilitokana na dhana moja ya raia ni nani: mtu aliyekaa mahali pamoja, mwenye jembe, mwenye mmea miguuni pake. Katika mabaraza ya usuluhishi yaliyofuata Kilosa, mfugaji aliyetakiwa kuthibitisha ukaaji wake aliulizwa kuhusu shamba, na hati aliyotakiwa kuionesha ilikuwa na muhuri wa Bibi na Bwana.